Kifua cha Bibi na Mfuko wa Daktari

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba tatu. Nashukuru kwa vyote, ingawa bado sielewi kwa nini mtu anayeacha kwenda kazini anapewa saa. Katikati ya pilau, muuguzi mmoja kijana aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Milembe, hivi utafiti na uboreshaji wa huduma vinatofautiana nini? Mbona vyote vinatujazisha makaratasi?" Watu wa meza ile wakacheka. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana jibu la haraka alishapewa kwenye semina, likaisha pamoja na soda.

Hili ndilo jibu langu. Ni refu kidogo, kwa sababu sikulipata siku moja.

Niliingia kwenye kituo chetu cha afya kama mfagizi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari, lakini baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama akafuata kabla shule hazijafunguliwa. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Sare ya sekondari ilibaki kwa fundi, na mimi nikavaa gauni la bluu la wafagizi, ambalo lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko mimi.

Siku ya kwanza Sista Perpetua alinikuta nadeki wodi ya wazazi. Alikuwa muuguzi mkunga kijana, Mjita wa upande wa Musoma, mwenye mdomo usiopumzika. Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Wewe mtoto, umeanzia mlangoni unakwenda ndani. Ukimaliza utatokea wapi, dirishani?"

Nikasimama na dekio langu mkononi.

"Anza kona ya mbali, urudi nyuma kuja mlangoni. Kila kazi ianze kwa kuuliza utatokea wapi."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza, na mpaka leo naona yanatosha kwa mambo mengi. Baadaye alinifundisha kutenganisha taka, kuloweka vifaa kwenye dawa, kumshika mama anayesukuma bila kumbana, na kumtazama mtoto mchanga kifuani kabla ya kumtazama usoni. Nikawa mhudumu wa wodi. Kila nilichokijua kazini nilikijua kwa kusimama karibu yake.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo lazima niliseme, vinginevyo hamtanielewa huko mbele. Mama alipokuwa amelazwa, katika hospitali nisiyoitaja, walikuja watu wawili wenye makoti meupe wakamtoa damu kwenye chupa ndogo kadhaa. Nilikuwa nimekaa chini, karibu na kitanda. Mama aliniuliza kwa Kisukuma, "Wanaipeleka wapi?" Sikujua. Alidhani wakirudi watakuja na dawa, akawa anauangalia mlango. Hawakurudi. Inawezekana damu ile ilisaidia watu wengine, na kama ni hivyo nafurahi. Lakini mama alikufa akiwa bado anasubiri jibu la kitu ambacho hakuna aliyemweleza.

Nyumbani sasa nilikuwa mkubwa, na mkubwa wa watoto yatima haombi ushauri. Niliamua nani aende shule, nani achunge mbuzi wa mjomba, nani alale upande wenye chandarua kizima. Wadogo zangu walinuna, wakatii, wakakua. Kwa hiyo nilijifunza mapema kuamulia watu, na tabia hiyo nilikuja nayo kazini kama wengine wanavyokuja na chakula chao kwenye hotpoti.

Wengi wenu mlikuja wakati timu ya kuboresha huduma imekwisha kuzoeleka. Mlikuta ukutani mabango ya S tano, zile kanuni za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mkayapita kama mnavyoipita kalenda ya mwaka jana. Sisi tuliiona timu ikianza. Mwanzoni tulipanga makabati na kuandika majina kwenye ndoo, na nilifikiri uboreshaji ni usafi uliopewa cheo. Kisha ikaja habari ya watoto wa baridi.

Mnajua kituo chetu kilivyo, upande wa Sengerema. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, au akiwa mdogo mno, tunampa rufaa kwenda hospitali kubwa ng'ambo, na njia ni kivuko cha Kamanga. Gari la wagonjwa likiwepo linaingia kivukoni. Lisipokuwepo tunapanda kama abiria wengine, na upepo wa ziwa haujali nani amezaliwa lini. Hospitali kubwa walitupigia simu zaidi ya mara moja: mnatuletea watoto wa baridi. Mtoto mdogo akipoa, pumzi inachoka, sukari inashuka, na kazi yote mliyofanya leba inamwagika majini.

Tulishangaa, kwa kuwa watoto wetu waliondoka wamefungwa vizuri. Kwetu mtoto hubebwa na mama mkwe. Ni heshima yake, hasa akiwa mjukuu wa kwanza, na bibi mwenye heshima humfunga mjukuu mpaka aonekane kama mzigo wa pamba: shuka, blanketi, kitenge, na blanketi jingine juu. Sisi wenyewe tulikuwa tunawasifu.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu Dotto, ambaye alikuwa anapakia barafu ya samaki mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Nilikuwa namlalamikia jikoni kwangu. Akacheka.

"Dada, barafu yetu tunaifunikia nini?"

"Magunia na pumba za mpunga."

"Ili ipate joto?"

"Ili isiyeyuke."

"Basi na ninyi mnawafunga watoto wa baridi ili baridi yao isiyeyuke."

Nilimwambia aache kulinganisha watoto na sangara, lakini asubuhi nilimpelekea Sista maneno yale kama yalivyo. Hakucheka. Alisema hilo limeandikwa kwenye mwongozo uliokuwa kabatini kwetu, kwenye kabati lile lile tulilolipanga vizuri: mtoto mdogo awekwe ngozi kwa ngozi kwenye kifua cha mama, na mama akishindwa, kifua cha ndugu. Kifua kina moto wake. Blanketi halina.

Angalieni hapo, maana ndipo uboreshaji ulipo. Hatukugundua kitu. Jibu lilikuwa limejulikana siku nyingi na watu waliosoma kuliko sisi. Swali letu lilikuwa dogo na gumu zaidi: mbona halifanyiki hapa kwetu? Tukaanza kujaribu namna ya kulifanya. Tulipima joto la kwapa kabla ya kuondoka na tulipofika ng'ambo. Tukahamisha kofia za watoto kutoka stoo yenye kufuli kwenda leba. Tukaacha kumwogesha mtoto wa rufaa. Kilichofaa tukakiendeleza, kisichofaa tukakiacha bila msiba.

Kazi kubwa ilikuwa mabibi. Mama akiwa na dripu kwenye machela, kifua kinachobaki ni cha mama mkwe, na kumwambia mama mkwe afungue blauzi mbele ya watu si jambo la kusema ukiwa umesimama mbali. Mmoja aliniambia, "Mayu, mama yangu, kifua hiki kimestaafu." Nikamwambia kimeitwa kazini kwa mkataba. Tukashona blauzi pana zenye kufunga mbele, bibi akivaa anaonekana amevaa tu, na mjukuu yuko ndani. Baada ya hapo wakaanza wenyewe kuulizana kivukoni, wako amelala? Na simu za malalamiko kutoka ng'ambo zikapungua, kisha zikakoma.

Ndipo alipokuja Daktari Shija. Nataka niseme vizuri juu yake, kwa sababu anastahili. Alikuwa kijana, mwenyeji wa Igoma, mwenye bidii, na alikuwa anawapenda watoto wale kweli. Alitazama kazi yetu akaona kasoro ambayo sisi hatukuiona: kuna mabibi wenye kikohozi, kuna mtoto anayekuja na baba tu, kuna siku kifua hakipatikani. Akaenda kwa mafundi cherehani wa Igoma akashonesha mfuko wenye sufi, na ndani yake ile karatasi ya kung'aa inayowekwa kwenye makasha ya samaki. Ulikuwa mzuri sana. Hata mimi niliupenda. Niliushika nikatamani wadogo zangu wangekuwa nao enzi zile.

Jumatatu akauanzisha. Mtoto mmoja wa rufaa anakwenda kifuani, anayefuata anakwenda mfukoni, kwa zamu, ili tulinganishe. Alisema ni uboreshaji, kwa hiyo hakuna haja ya kuomba ruhusa mahali. Sista Perpetua alikuwa likizo, amekwenda Musoma kwenye harusi.

Aliporudi alimkuta daktari chumba cha zamu, na mimi nilikuwa napanga shuka.

"Daktari, shikamoo yangu utanipa baadaye. Huu mfuko ni wa nini?"

"Shikamoo Sista. Ni uboreshaji tu. Tunajaribu, kama mlivyojaribu kofia na blauzi."

"Marahaba. Kofia tulijua inafaa. Tulichojaribu ni mahali pa kuiweka."

"Mfuko hauumizi, Sista."

"Sijasema unaumiza. Nauliza kama unajua unafaa."

"Nadhani unafaa."

"Basi hujui. Na yule ambaye wiki iliyopita alipata mfuko, angepata kifua kama angezaliwa kabla ya mwenzake. Mama yake anajua hilo?"

"Hapana."

"Kwenye kofia na blauzi, waliokuwa wanabadilishwa ni sisi. Mimi na Milembe na uvivu wetu. Huwezi kumwomba mgonjwa ruhusa ili mimi ninawe mikono. Lakini hapa unamwazima mtoto wa mtu ili ujue jambo usilolijua. Huo ni utafiti, mwanangu. Si kitu kibaya. Ila mtu ukimwazima kitu chake, unamwomba kwanza, na wapo watu wa kukuangalia usimdhulumu kwa bahati mbaya."

Nilisimama na shuka zangu. Nilimwona mama yangu anautazama mlango.

Daktari Shija alikaa kitini. Alisema, "Nitausimamisha leo." Na akausimamisha. Ningependa hadithi iishe hapo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka ziwa kabla yetu. Mwaloni walikuwa wanasema kituo chetu kinawafanyia watoto majaribio. Kwamba wanatiwa kwenye mifuko ya samaki na barafu chini. Dotto mwenyewe aliniuliza kama ni kweli, na huyo ni ndugu yangu wa damu.

Wiki hiyo hiyo akajifungua Neema, binti mdogo, mimba yake haijakomaa. Alitoka damu nyingi, tukamdhibiti, lakini alibaki kwenye machela na dripu. Mtoto wa kike, mdogo mno, anapumua kwa kukoroma. Ilibidi wavuke wote wawili mara moja. Mume alikuwa visiwani anavua, simu haipatikani. Msemaji wa ukoo alikuwa mama mkwe, Bibi Kabula, mwanamke mrefu aliyekaa kwenye benchi na mjukuu ndani ya mablanketi mawili.

"Hatuvuki," alisema.

"Bibi, mtoto anahitaji hewa ya mashine. Hapa hatuna."

"Mjukuu wangu hatiwi kwenye mfuko wa samaki."

"Hakuna mfuko, bibi."

"Ulikuwepo au haukuwepo?"

Kivuko kilikuwa kinapakia. Gari la wagonjwa lilikuwa limewashwa. Mnanijua. Kila kiungo changu kilitaka kumchukua mtoto yule na kuamua, kama nilivyoamua maisha yangu yote. Na ningeweza, mama wa mtoto alikuwa hoi, na bibi alikuwa mtu mmoja. Lakini nilijua nikimnyang'anya, nitakuwa nimethibitisha kila neno la mwaloni, na wa kesho hataletwa kabisa. Atafia nyumbani kwenye blanketi.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Ulikuwepo."

Akanitazama. Daktari Shija alikuwa amefika nyuma yangu, na yeye ndiye aliyemalizia, huku amechuchumaa kama mimi.

"Shikamoo bibi. Mfuko ule ni wangu. Nilitaka kujua kama unaweza kumpa mtoto joto. Nilianza bila kuwauliza wenye watoto. Nilikosea, nikauacha."

"Marahaba. Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui, bibi."

"Daktari mzima."

"Ndiyo."

Bibi alifikiri. Mtoto alikoroma ndani ya mablanketi.

"Na hili la kifua wanalolisema wenzangu. Hilo nalo unajaribu?"

"Hilo hatujaribu. Hilo tunalijua. Hata mjukuu wako angezaliwa hospitali kubwa ng'ambo wangemweka kifuani."

"Nikisema hapana?"

Daktari alinitazama, mimi nikamtazama bibi. "Nitakuomba tena," nilisema. "Na nitakuomba tena kivukoni. Kwa sababu hili najua, bibi, na mtoto anapoa tukiongea. Lakini hakuna mtu atakayemtia mahali bila wewe kujua ni wapi na kwa nini."

Alianza kufungua mablanketi. Alifungua moja, kisha la pili, akashika mguu wa mtoto kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika, maana mguu ulikuwa wa baridi kama nilivyosema. "Leteni hiyo blauzi yenu," akasema. "Na wewe daktari geuka huko."

Tulivuka. Bibi Kabula alikaa ndani ya gari karibu na machela, mkono mmoja kwenye mgongo wa mtoto na mwingine kwenye mguu wa Neema, na njia nzima alimsema mwanawe aliyekwenda visiwani bila kuacha simu yenye chaji. Ng'ambo muuguzi wa mapokezi alipima kwapa, akapima tena, akaniambia, "Huyu mmemtoa jikoni?" Mtoto alikaa kwenye mashine siku nyingi, kisha kifuani kwa Neema siku nyingi zaidi, akarudi nyumbani. Anaitwa Milembe. Sikuombwa ruhusa, na hapo sikulalamika.

Sista Perpetua alistaafu mwaka ule. Sasa yuko Buswelu na kuku wake, na nasikia nao wanaingia bandani kwa utaratibu. Daktari Shija aliandika utafiti wake upya, akaupeleka kwa wanaohusika, ukarudishwa, akauandika tena. Ilichukua muda mrefu mpaka nikadhani ameacha. Alikuwa hajaacha. Uboreshaji unaweza kuuanza Jumatatu na Ijumaa ukajua kama umepotea njia. Utafiti unakuhitaji usubiri, na mtu anayewapenda watoto kweli hukubali kusubiri. Kibali kilipokuja, daktari aliniomba niwe mtu wa kuwaeleza mabibi na mama wa watoto kwa Kisukuma, neno kwa neno, kwamba mfuko ni jambo tusilolijua bado, na kwamba kukubali na kukataa ni sawasawa mbele yetu.

Wengine walikubali, na kwa moyo mzuri. "Kama utawasaidia wengine, jaribuni," mmoja aliniambia, akauliza maswali mengi kuliko hata wale wa kibali. Jibu lilikuwa halijatoka nilipoondoka. Litawafikia ninyi. Msiliharakishe, wala msilipendelee.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Neema alirudi kujifungua. Safari hii mvulana, naye mdogo, lazima avuke. Kwenye benchi lile lile alikaa Bibi Kabula, nywele zimekuwa nyeupe, urefu haujapungua. Nikamwamkia, akaitikia. Neema alikuwa ametulia, anaongea, kwa hiyo nilikaa katikati yao nikawaeleza wote wawili habari ya mfuko kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mfuko wenyewe niliuweka magotini mwao waushike.

Neema alimtazama mkwewe. Bibi aliugeuza mfuko, akaufungua, akaunusa.

"Umeshonwa vizuri," alisema. "Mnajua sasa kama unafaa?"

"Bado, bibi."

"Tukikataa, gari litatuacha?"

"Gari linawasubiri. Mtoto atakwenda kifuani, kama dada yake."

Akamwuliza Neema kwa macho, Neema akatikisa kichwa. "Basi hapana," bibi akasema. "Wewe ulinieleza ukweli siku ile, ndiyo maana leo naweza kukukatalia bila kugombana."

Muuguzi kijana, yule yule aliyeniuliza swali kwenye pilau, alikuwa amefungua mdomo ili awabembeleze. Nilimvuta mkono wa sare. Daktari Shija alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake. Alisema, "Sawa, bibi," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa saa, akaenda kuwaita wa machela.

Nilimfungia Neema blauzi, mtoto akatulia ngozi kwa ngozi. Kisha niliurudisha mfuko kwenye msumari wake, nikampa bibi mkono ainuke, tukaenda kivukoni.